Mama Mkwe Kafuta Ukuta, Umegeuka Mwekundu

Mpendwa mshauri, naomba msaada huku nacheka na kutetemeka kwa pamoja, maana mimi ni mpiga picha mwenye studio ndogo ya kompyuta moja, na mama mkwe wangu, mkunga mstaafu, tangu ahamie kwetu anakuja kunisaidia kusafisha picha, na wateja wanampenda mpaka naona wivu, mtoto aliyenuna akitaniwa naye kidogo tu anatoa meno yote nje, lakini rangi zinampiga chenga, kwa sababu programu yetu ya kusafishia picha ina visanduku viwili vya rangi, cha mbele kinashika rangi ya brashi na cha nyuma kinashika rangi inayobaki ukipitisha kifutio, na kando yake kuna kimshale, ukikigusa rangi zinabadilishana nafasi, naye anakigusa bila kujua, basi juzi nyekundu ikahamia nyuma, akaanza kufuta doa ukutani nyuma ya wahitimu wa ushonaji, ukuta ukawa mwekundu, akadhani hajafuta vya kutosha, akakazana, mpaka mwalimu wao akabaki na sikio moja! Akanigeukia, "Baba, mbona kama pameiva?" Nami nikajibu, "Vizuri sana, mama."

Ningesema nini, na ndiye aliyemzaa mke wangu? Akienda kula narudia kazi kimyakimya, mke wangu kanigundua, ananiita mnafiki, na Jumamosi wahitimu wanachukua bango lao kubwa la picha hiyo, naye ameomba alimalize peke yake. Nimkatalie? Nifiche kipanya?

Mkwe Mwoga

Mkwe Mwoga, pole, na haya ikushike kidogo.

Nilipiga namba uliyoandika chini ya barua nikuulize kama bango limeshachapwa. Akapokea mama mkwe wako. Sikukutaja, nilisema jina langu tu, akalitambua. "Wewe si mshauri wa gazetini? Basi nishauri na mimi. Mkwe wangu ana adabu kupita kiasi. Nikiharibu, ananisifu. Picha inatoka nzuri, na najua fika si mimi niliyeitengeneza. Wamama wangapi wamenidanganya kwamba hawasikii uchungu! Sasa mimi nitajifunza lini?"

Nilicheka hadi chai ikanimwagikia.

Umeona? Unamstahi mtu aliyechoka kustahiwa. Mficha uchi hazai, na kwa mkunga huna haja ya kuifafanua methali hiyo. Yeye anaona aibu kuuliza, wewe unaona aibu kusema, na katikati yenu mwalimu wa watu anakatwa masikio!

Kesho asubuhi vuta kiti, kaa kando yake, si nyuma yake. Sema, "Mama, hapa umekosea." Sema hivyo hivyo, usizungukezunguke. Mwonyeshe vile visanduku, azoee kuvitazama kabla hajagusa picha. Abonyeze herufi D, nyeusi irudi mbele na nyeupe nyuma. Akitaka zibadilishane, abonyeze X, iwe kwa hiari yake, si kwa ajali. Tena mfanyie nakala ya picha aharibu anavyotaka, ile ya asili iwe salama. Halafu mikono yako itie mfukoni, uitoe anapokuuliza tu. Bango alimalize yeye.

Na usiogope kumkosoa. Kabla ya kukata simu aliniambia, "Siku akinikosoa, ndipo nitajua amenifanya mama yake, si mgeni."