Kivuli Kilichoishia Kwenye S

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Tangu asubuhi situlii. Mteja mmoja nimemsuka na kumfumua mara mbili, mpaka akauliza kama naumwa. Siumwi. Mwenye nyumba anapiga lipu upya ukuta wa mbele, na leo alinijia mlangoni, akaniita mwanangu kwa Kiha chake: "Mwananje, nimwambie nini fundi? Hiki kipande cha maandishi kibaki au kiondoke?"

Kipande chenyewe unakijua. Uliomba kibali ukatoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ukaja kuniandikia "Neema Saluni" kwa brashi nene, herufi nyekundu zilizolala upande. Nilikuambia uzisimamishe. Ukacheka, ukanipaka rangi puani.

"Maandishi ikisimama wima, batu banaogopa, banasema ni ya Leta," ulisema. Leta kwenu ndiyo serikali. "Ya saluni inapashwa kuinama, sawa mutu mwenye anakuita."

Ulikuwa unapaka kivuli cheusi nyuma ya herufi simu ilipoita: jina lako limetoka kwenye orodha, mnahamishiwa ng'ambo. Kivuli kikaishia kwenye S. "Ntarudia kuimaliza, Neema. Usiache mutu aiguse."

Sikuacha. Sokoni walinitania, "Neema, kivuli chako kimepata lifti?" Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikaacha kucheka. Simu zako nazo zilipungua, halafu zikakatika kabisa.

Basi leo nilimwomba mwenye nyumba anisubiri kidogo. Nikapanda bodaboda mpaka Kasulu mjini, kwa dada anayetengeneza mabango. Naenda kuuliza bei tu, nilijidanganya hivyo njia nzima. Akafungua kompyuta, akachagua fonti ya mwandiko wa brashi. Nene, imeinama, imechangamka. Nilishtuka, nikadhani aliwahi kukuona ukiandika.

"Hii watu wa saluni na wa juisi wanaipenda sana," akasema. "Tuweke na kivuli?"

Kabla sijajibu akabonyeza. Kivuli kikajaa nyuma ya kila herufi, mpaka ile ya mwisho kabisa. Nililia palepale mbele yake, na hasira zikanipanda. Muda wote ule nalinda ukuta, kumbe kazi iliyobaki ilikuwa ndogo hivyo!

Nilikupenda. Hata sasa nakupenda kidogo, nisikufiche. Lakini nimechoka kuchungulia barabarani kila gari la kambini likipunguza mwendo. Niliporudi nilimwambia fundi apige lipu kote. Naandika huku namsikia nje akiparuza, nimeinuka mara kadhaa nikamzuie, nimekaa tena.

Bango linatundikwa kesho. Usihangaike na kile kivuli, kimeshamalizika. Siku ukipita huku ingia ndani, kaa kwenye foleni, nitakunyoa kama wateja wengine.

Huko uliko, uwe mzima.

Ni mimi Neema,
aliyekuwa anakungoja