Nilimwambia Mgeni Hapa Hakuna Mwiko

Kwako Bi Honorata, wewe unayetusikiliza sisi wenye mizigo moyoni, shikamoo, na baada ya salamu naomba unisaidie, kwa sababu jambo lililonipata ukilisikia utacheka, lakini mimi nimekaa wiki tano silicheki, chakula hakipiti, hata mume wangu Leonardi akadhani nina homa, akaniletea vidonge vya malaria nikavimeza bure na uchungu wake wote.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Katubuka pale Kigoma mjini, nimeolewa huku ziwani upande wa Ilagala, na tangu tulipohamia kijiji cha ujamaa mwaka juzi nimepewa kazi ya kuuza duka la kijiji, mwanamke wa kwanza, na si wote waliopenda, wapo waliosema mtoto wa mjini ana maneno mengi kuliko sukari, lakini mkutano ulinyoosha mikono nikapata. Duka ni hilo hilo moja, wavuvi wanachukua ndoana na mafuta ya taa, wakulima wanachukua chumvi na majembe, na wakati wa likizo wanapita wageni wenye mahema na mabegi mgongoni wanaokuja kutembea milimani na kuangalia ndege, nao wanataka viberiti, mishumaa, na samaki wa kopo, Bi Honorata, samaki wa kopo mbele ya ziwa lililojaa migebuka, mimi nauza tu, sisemi kitu.

Kati ya hao kuna mmoja tunamwita Bwana Larsi, Mswidi, anafundisha hesabu mjini Kigoma, kila likizo lazima aje, na Kiswahili chake ni cha kitabuni, hawezi kusema nipe chumvi, atasema ningependelea kupata chumvi, mpaka tumemzoea na tunampenda. Basi mwezi wa sita alikuja dukani asubuhi, akanunua sufuria ndogo, akanunua unga wa muhogo, akanunua kiberiti, kisha akainama kidogo kwa adabu akaniuliza, "Samahani mama, hapa kwenu kuna mwiko?" Sasa wewe mwenyewe niambie, mtu ameshika sufuria mkono huu na unga mkono huu, anauliza mwiko, ungemjibu nini? Nikamwambia, "Mwiko hapa hakuna, kaka. Zamani tulikuwa nayo miiko, lakini watu hawana haja nayo, kila mtu anajichongea wake nyumbani. Labda uulize Ilagala." Akashangaa, akafurahi, akatoa daftari akaandika neno kwa neno, akasema ni jambo la ajabu sana, nami nikasema moyoni huyu naye, mwiko tu unamshangaza.

Kumbe mwenzangu alikuwa haulizi wa kusongea ugali! Alikuwa anauliza kama kuna mahali tulipokatazwa, mahali pa heshima, asije akapakosea. Nasi hapa nyumbani mambo yasiyofanywa tunayaita umuziro, kwa Kiha chetu, mimi tangu nizaliwe nikisikia mwiko najua ni kile kijiti cha jikoni. Basi akaenda na hema lake mpaka kwenye Miamba ya Nyabisaka, ambako baba mkwe wangu, Mzee Gervasi, ndiye mwenye kuweka konzi la dagaa wa kwanza kama sadaka kila wavuvi wanapoanza kuvua giza jipya, mwezi ukishapotea, na pale hapawashwi moto, hapaoshwi kitu kwa sabuni, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni hapiti akiongea. Larsi akawasha moto. Akapika ugali. Akaosha sufuria kwa sabuni ziwani pale pale, na suruali yake, Mungu anisamehe, akaianika juu ya jiwe lenyewe.

Kesho yake tukaitwa mkutano, kijiji kizima, naye amesimama katikati kofia mkononi. Mwenyekiti wetu, Ndugu Anatoli, akamuuliza nani alikuruhusu. Akasema, "Niliuliza. Niliuliza dukani kama kuna mwiko, nikaambiwa hakuna," akafungua daftari akasoma maneno yangu yote, na ile ya kila mtu anajichongea wake, na ile ya Ilagala. Bi Honorata, hapo ndipo kichwa changu kilifunguka, nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na watu wote wakageuka kunitazama, na baba mkwe wangu, ambaye kwa heshima huwa hanitazami usoni, siku hiyo akanitazama. Nikaliona duka linaondoka, nikawaona wale waliosema mtoto wa mjini wanavyonyoosha mikono tena, nikasema, "Mimi? Mimi sijasema kitu kama hicho."

Larsi akaniangalia. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akafunga daftari lake polepole akasema, "Basi labda nilisikia vibaya mimi." Akaambiwa akunje hema kabla ya saa sita na asirudi tena, na mkutano ukapitisha kwamba kuanzia siku hiyo mgeni yeyote mwenye hema asilale kwetu. Na mimi kisimani wanawake wakanipa pole, eti Mzungu mwongo, anamsingizia mke wa watu, nikapokea pole hizo nikashukuru.

Nilikuwa nimemaliza barua hapo, imekaa siku tisa chini ya mizani kusubiri boti la Kigoma, na sasa naifungua niongeze, kwa sababu jana Mungu ameniona. Mama mkwe Melania alivunja mwiko wake, akamtuma mzee dukani, naye huwa haingii, anasimama nje ya mlango akiangalia pembeni kama ilivyo desturi ya baba mkwe. Akasema, "Mama Feliksi, nimetumwa. Kuna mwiko?" Nami nilikuwa napima chumvi, sikufikiri, nikajibu kwa mazoea, "Hakuna mwiko, baba. Kila mtu anajichongea wake."

Yoo! Nikamsikia anayarudia yale maneno chinichini, mwiko, kila mtu anajichongea, mwiko, kisha akaniambia, "Kumbe ulisema." Nikaanguka magoti nyuma ya kaunta nikalia, nikamweleza yote, sufuria, unga, hofu yangu, uongo wangu, kila kitu. Nilipoinua kichwa mzee ameketi juu ya gunia la chumvi, ndani ya duka, ameshika mbavu anacheka mpaka machozi, anasema, "Suruali! Suruali juu ya Nyabisaka kwa ajili ya mwiko wa ugali!" Kisha akajifuta, akaniambia moto ule yeye amekwisha kuuombea msamaha na dagaa wametoka vizuri, hana kinyongo nami, na neno hilo hatalitoa mdomoni mwake, ni langu, nitalitoa mwenyewe nikitaka. Jana hiyo nikala ugali sahani mbili.

Sasa Bi Honorata swali langu ni hili, maadamu mzee amenisamehe, na dagaa wapo, na Larsi amekwisha kuondoka na wala hakugombana, je, si limekwisha? Nikilifufua mkutanoni naweza kunyang'anywa duka, na zaidi ya hapo wataniita Mama Mwiko mpaka nizeeke. Naomba usitaje jina langu.

Ni mimi muuza duka, upande wa Ilagala.

*

Marahaba, Mama Mwiko.

Ndiyo, mimi nimeanza, ili likuzoee mapema. Na kabla ya yote, unaniomba nisitaje jina lako baada ya kunitajia mume, mwenyekiti, baba mkwe, mama mkwe na mtoto! Majina yote hapo juu nimeyabadilisha, na jiwe pia. Mwanamke anayetaka kujificha namna hiyo hakuumbiwa uongo, na huo ndio mwanzo wa habari njema.

Nimecheka. Nimeisoma barua yako hapa nyumbani Kasingirima, dada yangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimepaliwa. Kosa la kwanza si kosa, nakuondolea hilo kabisa, usilibebe hata nusu saa zaidi. Mtu mwenye sufuria na unga akiuliza mwiko, hata mimi ningemtajia wa mninga. Yeye alikuja na Kiswahili kizima, wewe ukampimia nusu kibaba, basi. Mambo hayo yanatokea kila siku katika nchi ambayo kila mmoja amekitoa Kiswahili mahali pake.

Lakini lile la pili, mwanangu, lile la "mimi sijasema", hilo lako. Ulilijua wakati unalisema. Usinizungushe kwa habari za dagaa.

Unaniuliza kama limekwisha. Hukuniandikia kuomba ushauri, umeniandikia kuomba ruhusa, na ruhusa sikupi. Mzee aliyekosewa amecheka, na nakupongeza kwa mkwe huyo, wengi wanaoniandikia wangempokea kwa mikono miwili. Aliyeonewa hajacheka. Yuko Kigoma mjini anafundisha watoto wetu hesabu, na pengine kila akifungua kinywa kwa Kiswahili anajiuliza kama anasikia vibaya. Mtu huyo alikuwa na ushahidi mkononi, umeandikwa, akaufunga kwa ajili yako. Wewe ulisema uongo kujisitiri, na yeye akasema uongo kukusitiri wewe. Sasa nani mwenye deni la heshima hapo? Hebu jibu mwenyewe, mimi nipo.

Na si yeye tu. Kijiji chako kimewafungia wageni wote wenye mahema kwa sababu ya neno moja la dukani. Wale waliokuwa wakibeba mizigo yao, waliokuwa wakiwauzia ndizi na kuku, wamekaa wanatazama barabara, hawajui kwa nini. Wewe unajua.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla ya mwezi huu kuisha, maana aibu ukiilaza inaota mizizi. Nenda kwanza kwa Mwenyekiti nyumbani kwake, uende na Leonardi, na umwambie Leonardi leo hii kabla hajakuletea vidonge vingine. Mwombe Mwenyekiti nafasi ya kusema siku ya kazi ya shamba la kijiji, watu wakiwa wamekwisha kula na wamekaa, kwa kuwa mtu mwenye njaa hasamehe. Simama. Usilie. Ukilia watakuhurumia, na hukwenda kutafuta huruma, umekwisha kupewa pole nyingi usizostahili pale kisimani. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, sufuria, unga, mwiko, na suruali usiisahau. Watacheka. Waache wacheke mpaka washibe. Kisha, wakinyamaza, sema lile gumu kwa sauti ile ile: yule mgeni alisema kweli, na mimi nilisema uongo mbele yenu kwa kuogopa. Ukaketi. Usiongeze "lakini".

Unaogopa duka. Inawezekana ukanyang'anywa, sikudanganyi, sijui mioyo ya watu wa kwenu. Ila mimi ningekuwa mkutanoni hapo, na muuza duka akasimama mwenyewe akakiri kosa ambalo hakuna aliyelijua, ningesema funguo zibaki kwake, maana mwingine tutampata wapi? Na wale wa "mtoto wa mjini", utakuwa umewapa kitu cha kuongea mwaka mzima, watakushukuru.

Mkutano ukikubali kuwafungulia wageni, kazi nyingine ni yako wewe. Yeyote atakayeingia dukani na begi mgongoni, hata kabla hajauliza, mwambie: kule kwenye miamba hapawashwi moto, hapaoshwi kitu, hapalali mtu. Sema mwiko, sema umuziro, sema vyote viwili. Mzee Gervasi mwenyewe akufundishe namna ya kusema. Na ameshazoea kukaa kwenye gunia la chumvi.

Halafu Larsi. Usimwandikie barua ndefu kama hii uliyoniandikia mimi, masikini atahitaji likizo nyingine kuisoma. Mtafute mtu wa kwenu mwenye mkono mzuri, akuchongee mwiko, mrefu, mzuri, wa kusongea ugali wa muhogo. Ufunge vizuri kwenye kanga, uupeleke kwa boti lile lile linaloleta sukari yako, wewe mwenyewe ukiweza, umkabidhi kwa mikono miwili. Akikuuliza ni wa nini, mwambie maneno mawili tu: "Mwiko upo."

Ataelewa. Kiswahili chake ni kizuri kuliko chako.

Bi Honorata