Alama za Ukutani

Binti yangu,

Nimeshatoka kwenda kazini. Chai iko kwenye chupa. Ile sufuria uliyoiunguza jana usiikwangue kwa kisu kama ulivyozoea. Nimeiloweka kwa maji ya moto na magadi, hadi jioni ukoko utabanduka wenyewe. Na maganda ya ndimu usiyatupe, yasugulie bomba la sinki.

Sasa la asubuhi. Uliamka kabla yangu, ukausugua ukuta wote wa korido ukawa kama mpya, halafu ukasimama kusubiri nikusifu. Mimi nikakujia juu mpaka ukalia.

Hukukosea, mwanangu. Zile alama nyeusi zilikuwa za mkono wa bibi yako. Mama yangu alikataa katakata kushikwa, hata na mimi, akawa anajishikiza ukutani mpaka chooni. Tangu tumzike, kila nikipita pale naweka mkono wangu alipokuwa akiweka wake. Sijamwambia mtu. Wewe ungejuaje?

Imebaki alama moja tu, karibu na swichi ya chooni. ~~Usiiguse kabisa.~~ ~~Ifute nayo, yaishe.~~ Hapo pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, taratibu, bila maji.

Na ukipita, weka mkono wako. Wangu ni mkubwa, unaifunika yote. Wako utaenea pale sawasawa.

Baba yako, mwenye makelele