Nani Atamlilia Rashidi

Jumanne, Newala

Mjane! Kikundi chetu kinafungua msimu wa maigizo korosho zikishauzwa, na katika igizo la kwanza mimi ndiye mjane. Marehemu ni Rashidi, mume wangu kipenzi; hata hina ya harusi yetu haijanitoka.

Leo mama mkwe kaja kutoka Mkunya, amefura. "Bibi harusi unamlilia mume? Uchuro huo! Ukiigiza, sikanyagi tena hapa."

Rashidi akacheka. "Mama, nitafufuka kupokea makofi."

Mama hakucheka. Kwa woga nikaahidi kumwachia Zuhura, mwenzetu wa kikundi, nafasi ya mjane.

Tangu hapo sijatulia. Zuhura amkumbatie Rashidi wangu, amwite mpenzi mbele ya Newala nzima?

Hapana. Mama ataninunia, naogopa sana, lakini nitamlilia mwenyewe.