Wimbo Wenye Ti Moja

Kaka Mbwembwe,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila vidole vimeota sugu. Nimejifunza mwenyewe kupiga kodiani ya babu. Ina safu moja tu ya vitufe. Ukianzia do yake, noti zote saba, do hadi ti, zipo. Shida ni kwamba sauti ya mama haifiki tena juu hivyo. Alinikataza nisikwambie, lakini nakwambia: alifanyiwa upasuaji wa koo mwezi uliopita, na sauti imeshuka. Hata hivyo ameapa kuimba Jumamosi, dada akiolewa.

Nikishusha do mpaka alipo yeye, kitufe cha ti hakipo kabisa. Basi nachagua nyimbo zisizo na ti, na tatu nimezipata. Fundi cherehani jirani ananiambia, "We mtoto, hizo tatu zinatosha, tuache tushone." Sikubali. Mama anautaka ule aliotubembelezea, nao una ti moja, kwenye neno "lala".

Hapo nitanyamazisha kodiani, mama aiimbe hiyo ti peke yake. Jana alikwama hapohapo, akacheka, akasema, "Tena." Tulirudia mara kumi na moja, akaipata mara mbili. Wimbo siutoi ng'o. Ila akikwama mbele ya watu, ungekuwa wewe ungemsubiri, au ungemdakia?

Mdogo wako,
Kelele