Alama Iliyofutwa kwa Kiatu

Duka la Uchapaji la Nyakio,
Orofa ya pili, River Road,
Nairobi.

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Jamleck,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U mzima? Carolyne naye anaendeleaje, ule mgongo wake umepata nafuu? Nasikia baridi imeshaanza huko Birmingham, basi vaeni vizuri. Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu. Mvua bado inasitasita, Baba anakula vizuri, na ile mashine yangu kubwa ya kuchapa imetengenezwa, siku hizi haikohoi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Kila nikianza kukuambia jambo la mwanao, mtandao wa Birmingham unaharibika ghafla. Barua haikatiki. Nidhi, binti wa jirani yangu hapa dukani, anasafiri Alhamisi, na ameahidi kuiweka mkononi mwako. Kaa chini, ndugu yangu, uisome mpaka mwisho.

Uliniomba nimwandikie Kibe barua ya kumtetea mbele ya kamati ya nidhamu ya tenisi, niseme ni kijana mwenye adabu. Jamleck! Unaniambia mimi, niliyemlea tangu akiwa na miaka saba, wewe na Carolyne mlipoondoka? Adabu yake naijua kuliko mtu yeyote, ndiyo maana siandiki.

Kipaji anacho, sikatai. Alianza kwa kuokota mipira pale klabu ya Muthangari, Baba akiwa mtunza viwanja, na alipofika miaka kumi na sita alikuwa akiwashinda wanachama mpaka wanakwenda nyumbani bila kumaliza soda zao. Lakini tangu aanze kulipwa kucheza, ni aibu juu ya aibu. Kule Tunis alivunja raketi nne katika mechi moja. Kule Kigali alijitoa akilia kwamba paja limechanika, na wiki hiyo hiyo tukamwona kwenye video akiruka juu ya meza katika baa moja ya Westlands. Makocha watatu amewafukuza, wa mwisho kwa ujumbe wa simu. Timu ya taifa ikamfungia miezi minane kwa kumtusi mwenzake. Kila mara wewe ukasema ni damu ya ujana. Ana miaka ishirini na saba, Jamleck. Hiyo damu itazeeka lini?

Na mimi pia nina lawama. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nilimchelea. Nilikuwa nikimwita Baba, kama desturi yetu, kwa kuwa amebeba jina la baba yetu. Nani atamchapa mtoto ambaye anamwita Baba?

Sasa sikia ya Jumamosi tarehe nne. Ilikuwa nusu fainali, yeye na kijana anayeitwa Jasmeet, kwenye uwanja wa katikati. Unajua klabu bado humwita Baba aandae uwanja huo kila kukiwa na mashindano makubwa, ingawa alistaafu. Ijumaa nzima alikuwa pale akiburuta brashi, akinyunyiza maji kidogo kidogo, akifagia mistari mpaka ikang'aa. Mimi nilikaa safu ya mbele, nyuma ya mstari wa mwisho, hatua sita hivi kutoka alipokuwa Kibe.

Ikabaki pointi moja tu Kibe ashindwe. Jasmeet akapiga mpira, ukaanguka juu ya mstari upande wa Kibe. Niliuona kwa macho yangu haya. Mwamuzi, mama mmoja anayeitwa Kaindi, akasema mpira ni mzuri na mechi imeisha. Kibe akaanza kupiga kelele kwamba ulitoka nje. Wewe umekulia pale, unajua mpira ukigusa udongo huacha alama, na mwamuzi hushuka kuitazama. Kaindi akaanza kushuka kutoka kwenye kile kiti kirefu, polepole, maana ni mtu mzima. Kabla hajafika, mwanao akaifuta ile alama kwa kiatu. Akasugua kushoto, akasugua kulia, kama mtu anayeua mende. Kaindi alipomuuliza kwa nini, akamtemea mate. Yakamwangukia kiatuni.

Ptuu! Unakumbuka siku Kibe aliposafiri mara ya kwanza kwenda kucheza nje? Baba alimshika mikono akamtemea mate ya baraka kwenye viganja, kama yeye alivyofanyiwa na baba yake. Mimi nililia siku ile. Leo viganja hivyo nikiviona naona kinyaa, Mungu anisamehe.

Kama ingekuwa ni hayo tu, labda ningenyamaza kama kawaida yetu. Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Jumatano iliyopita Kibe alikuja hapa dukani, amemshika Baba mkono kumpandisha ngazi. Mimi mjinga nikafurahi, nikadhani wamekuja kunijulia hali. Baba akavua kofia, akakaa, akaniomba nimchapie barua ya kwenda kwa kamati.

"Andika," akasema. "Mimi, Kibe wa Gichuru, ndiye niliyeandaa uwanja. Nilimwaga maji kupita kiasi. Mjukuu wangu aliteleza, ndipo mguu wake ukapita juu ya alama."

Nikaacha kuchapa. Nikamtazama Kibe. Alikuwa ameinamia simu yake, hakuinua hata jicho.

"Guka, ongeza ile ya macho," akamwambia babu yake. "Sema siku hizi huoni poa."

Na Baba akaongeza! Miaka arobaini na mmoja ya kutunza viwanja, Jamleck, na hakuna hata mtoto aliyewahi kuteleza mahali alipopita Baba na brashi yake. Nilimfukuza Kibe pale pale, kwa sauti kubwa hata watu wa orofa ya chini wakapanda kuuliza kama tumevamiwa. Akashuka ngazi akiniambia, "Aunty, wacha presha, ni karatasi tu."

Baba akabaki. Nikampa chai, nikamuuliza ana wazimu gani wa kuliharibu jina lake hivyo. Akaniambia, "Nyakio, mimi nimemaliza. Huyu bado ana miaka ya kucheza." Nikamalizia kuichapa kwa sababu aliniomba mara tatu, na mara ya tatu alikuwa akilia. Akatia sahihi, akaniachia niipeleke ofisi ya kamati hapa mjini.

Sijaipeleka. Kwenye kompyuta nimeifuta, na karatasi yenyewe, ile yenye sahihi, iko ndani ya bahasha hii. Hakuna nyingine. Isome ukiwa na Carolyne. Kikao ni Jumatatu tarehe ishirini na saba, nami nimeitwa kama shahidi. Nitasema mpira ulikuwa ndani, nitasema juu ya kiatu, nitasema juu ya mate. Mpigie mwanao kabla ya siku hiyo, umwambie ayaseme mwenyewe, amwombe Kaindi msamaha, na afungiwe inavyostahili. Na kama wewe bado unataka Baba abebe uchafu huu, karatasi unayo. Itume wewe, kwa mkono wako.

Usiseme namchukia. Akifungiwa akakosa pa kwenda, nyumba yangu ya Kangemi anaijua, na chakula atapewa. Ila jina la Baba simwiti tena.

Nikwambie na hili ndipo nifunge. Jana mtunza viwanja wa sasa alimpigia Baba simu aende amsaidie kuandaa uwanja wa katikati kwa mashindano ya watoto. Unamjua Baba, akisikia neno uwanja ameshavaa viatu. Jana hakuinuka kitini. Nilimsikia akijibu, "Tafuteni mtu mwingine. Mimi siku hizi namwaga maji vibaya." Na ile karatasi, ndugu yangu, hata mlango wa kamati haijauona.

Nisalimie Carolyne, na watoto, Debra na Shiku, wasome kwa bidii. Salamu za Baba sina, kwa kuwa hajui kwamba nakuandikia. Mungu awalinde huko mliko, akupe na nguvu ya kuinua simu.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira nawe na mwenye kukupenda,

Nyakio