Shavu la papa wa Neema

Alhamisi, mwezi wa sita 2013, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Siku nne nimepaka shavu moja tu, na leo limekataliwa.

Mama Neema aliniletea foto ya marehemu bwana yake, papa wa Neema, nimchore kwa rangi ya maji. Ni ile aliyokimbia nayo toka Fizi, Kongo, ikiwa imekunjwa kwenye fundo la kitenge. Mkunjo uliacha mstari mweupe shavuni. Nilichora kila kitu kama foto inavyoonyesha, hata kola iliyochakaa, ila mstari ule niliuziba kwa rangi nzuri niliyonunua mjini Mbarara. Nikajisifu.

Mama Neema alipoiona picha alimtambua, akalia. "Njo yeye kabisa!"

Lakini Neema, aliyeletwa kambini angali mgongoni na anayemjua papa wake kwa foto tu, akaisukuma. "Huyu si papa. Papa iko na alama ku shavu."

"Hakukuwaka na alama, mwanangu. Ni foto ilikunjamana," mama yake akamwambia.

Neema akatoka nje.

Nimenuna jioni yote. Katika rangi ya maji, weupe ni karatasi yenyewe; ukishaupaka rangi, haurudi.

Kisha nikatoa foto ya mama yangu. Ana doa dogo chini ya jicho. Nimelipenda miaka yote. Kama ni la uso wake au la foto, hakuna aliyebaki wa kumwuliza.